Siku Nilipolinda Ndoo ya Kanisa

Mimi ni mwanamke wa kunyoosha watu, mtaa wetu wote wa Kimanga unanijua, na ndiyo maana aibu hii imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka (andika, Neema, uache kucheka).

Ulikuwa wakati wa korona. Mume wangu ana kifua kibovu tangu zamani, nami nikaapa kwamba ugonjwa ule hautaletwa nyumbani na huyu mjukuu wetu Neema, wakati ule msichana wa miaka kumi na tano, ambaye alivaa barakoa akitoka mlangoni na kuishusha kidevuni mara tu alipowaona wenzake. Jumapili moja, badala ya kumuuliza sababu, nikajitwika ndoo ya kanisa ya maji ya kunawa mikono, nikasimama penye mlango wa kanisa na fimbo mkononi, na alipofika na rafiki zake nikamkemea mbele ya wote: "Weye! Unataka kumuua babu yako?" Akapandisha barakoa, macho yamejaa machozi. Nikajiona nimeshinda.

Ndipo akatokea wifi yangu wa Makobola, mikono yote miwili mbele. Nikarudi nyuma: "Hapana, wifi, kuna ugonjwa." Akapaza sauti, "Ah! Kwani minye niko na ukoma?" Wamama wakacheka. Nikampa mikono, akanivuta kifuani, kichwa huku, kichwa kule, na kwetu huwezi kumsalimu mmoja ukamruka wa pili, basi wote aliokuja nao wakajipanga, nami nikawakumbatia mmoja mmoja mpaka kamba ya barakoa yangu ikakatika, ikatumbukia ndani ya ndoo. Vijana, ambao huniita Koko, yaani bibi, wakapiga makofi: "Koko, barakoa yako iko naoga!"

Nyumbani Neema aliniuliza jambo moja tu: "Koko, na weye uliogopa kuchekwa?" Nikamfukuza.

Majuma mawili nilikula uani na kulala jikoni, mbali na mume wangu. Kila alipokohoa nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sahani aliniletea Neema, barakoa imefika chini ya macho, maana uani hapakuwa na wa kumcheka. Mungu alituhurumia, kikohozi kilikuwa cha vumbi.

Tangu hapo sijamkemea mtoto hadharani, wala sitamkemea, kabla ya kumuuliza anamwogopa nani. Na swali lile ninalijibu leo: ndiyo, niliogopa. Kusoma sijui, Neema, lakini jirani atanisomea, na ole wako neno hilo likikosekana.