Ekzosi Iliyonukia Migebuka

Miaka ya tisini nilikuwa bwana shamba Kasulu, nikiishi na mke wangu na dada yangu, nikiendesha pikipiki ya kuchanganya oili na petroli. Oili ilipoadimika nikatia mawese ya jikoni bila kumwambia mtu, tena kwa kiburi cha msomi! Wiki mbili tu, pikipiki ikakohoa na kugoma kupanda kilima cha Kabanga.

Fundi alifungua ekzosi, akaikuta imeziba masizi, akaitupa motoni uani kwangu yaungue. Lo! Uani kote kukanukia migebuka, wale samaki wa ziwani, inayokaangwa. Tukaigonga, masizi yakamwagika, pikipiki ikanguruma, nami nikazunguka nyumba nikipiga mayowe ya furaha.

Mke wangu akatoka jikoni ananusanusa, mkononi chupa tupu ya mawese.

“Kumbe ni wewe, baba watoto! Na wifi yangu nimemnunia wiki mbili nzima!”