Chumba cha Vifaranga

Kaka yangu aliporudi Mpanda kutoka Dar es Salaam, mama alimpa chumba cha uani tulichokuwa tukiwekea mahindi. Kaka akaziba dirisha kwa bati, akavuta umeme, akatuambia anafuga kuku wa kisasa. Tangu hapo taa ikawa inawaka humo mchana na usiku. Mama alinunua umeme wa Luku bila kunung'unika.

"Mbona hawalii?" nilimuuliza mama.

"Wadogo hao. Na usiingieingie, utawaletea ugonjwa."

Maneno hayo alifundishwa na kaka. Nilimwamini kwa sababu mama alimwamini, na pia kwa sababu tangu baba afariki sikuwahi kumwona akimsifia mtu namna ile. Kwenye jumuiya ya kanisani aliwaambia akina mama wenzake kwamba mwanawe ametulia. Sherehe ya Kipaimara ilikuwa inakaribia, wakasema kuku watachukua kwake.

Basi baada ya sala akaja nao nyumbani wakawaone vifaranga. Kaka alikuwa ametoka. Kufuli lilikuwa la mama tangu enzi za mahindi, na ufunguo wa pili alikuwa nao. Akafungua mlango, akasogea pembeni ili wageni waone vizuri.

Ndoo za rangi zilijaa sakafu nzima, na kila ndoo ilikuwa na mmea uliofika kiunoni. Harufu ikatoka hadi uani.

"Kumbe kapanda maua," mama alisema.

Mke wa mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya chini. "Mama, hayo si maua. Ni bangi."

Wenzake waliinamisha macho. Mmoja alisema, "Sisi hatujaona kitu, mama."

"Mmeona," mama alisema. "Na mimi nimeona."

Kaka aliporudi, mama alimwambia aende mwenyewe kujisalimisha kwa mwenyekiti. Kaka akacheka. "Nyie hamjui maisha. Huko mjini watu wanajenga kwa hii."

Mama akajifunga kitenge, akaenda yeye.

Polisi walipokuja, majirani walishajaa kwenye ua wa mabua. Kaka alikuwa ameshafungwa pingu. Askari akauliza nyumba ni ya nani.

"Yangu," mama alisema.

"Basi na wewe twende. Huyu dada je?"

Nilikuwa nimesimama na ungo wa mchele mkononi. Mama hakunitazama. "Huyo mpangaji wangu tu."

Askari akanigeukia, nikatikisa kichwa kukubali. Majirani wote wananijua tangu naanza kutambaa. Hakuna aliyesema neno. Mama akapandishwa nyuma ya gari, akishikilia kitenge kisipeperuke, na mimi nikaendelea kushika ungo wangu.

Walimwachia kesho yake jioni, kwa kuwa ndiye aliyetoa taarifa. Kaka alishtakiwa, akafungwa, na bado yuko ndani. Mama alirudi kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini. Nilimchemshia maji, nikapiga magoti kumwosha miguu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kukubali kuwa mpangaji.

"Ulifanya vizuri kunyamaza," aliniambia. "Nani angenipikia?"

Nilizidi kusugua kisigino chake, ingawa kilikuwa kimeshatakata, kwa sababu sikuweza kuinua uso.