Fundi anayerudi kung'oa valvu alizofunga mwenyewe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye saruji yenye unyevu, kiganja chake kikiwa juu ya bomba linalotoka kisimani. Anamwambia shemeji yake awashe swichi. Pampu iliyo chini inanguruma, kisha, ngo! Bomba linaruka na vikombe vya dirishani vinagongana.

"Zima, shem," anasema. "Ndiyo yenyewe."

Mtaani wanamwita Mama Valvu. Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye visima vya watu. Kishindo hicho anakifahamu vizuri, kwa sababu ni kazi ya mikono yake. Leo amekuja kumwambia mwenye nyumba hivyo, na mwenye nyumba huyu ndiye aliyemtafutia nusu ya wateja wake. Akinuna yeye, mtaa mzima unanuna.

Pampu ya kisima huwa na valvu ya kuzuia maji yasirudi, kule chini kabisa. Juu kuna tangi la presha, lenye mpira ndani: upande mmoja maji, upande mwingine upepo, ili pampu isiwake kila mtu anaponawa mikono. Mama Valvu alipoanza kazi aliona valvu moja haitoshi. Akawa anafunga ya pili juu, karibu na tangi.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema. "Nikawaza, mlango wa kufuli mbili si ndio salama zaidi? Kumbe nawachimbia watu shimo."

Valvu ya chini ikianza kuvuja, maji yaliyo kati ya valvu hizo mbili hushuka na kuacha uwazi. Pampu ikiwaka, maji hupanda kwa kasi na kuigonga ya juu, mara kumi, mara ishirini kwa siku, mpaka bomba linapata ufa. Kisha ule uwazi hunyonya matope ya ardhini kupitia ufa huo. Ndiyo maana wajukuu wa mwalimu wamekuwa wakiugua matumbo mwezi mzima.

Alielezwa haya miaka miwili iliyopita na fundi mwenzake. Alibisha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kesho yake akaing'oa valvu moja ya juu ili amuumbue, na kishindo kikaisha palepale.

Alirudi nyumbani. Akafungua daftari lake la kazi, akahesabu nyumba thelathini na nne alizofunga valvu ya juu. Mumewe akamwambia aachane nayo, hakuna anayejua.

"Mimi najua," akamjibu.

Tangu hapo amesharudi nyumba ishirini na tano, bila malipo, siku ambazo angekuwa kwenye kazi za kulipwa. Wateja wanne wamemwacha. Mafundi wengine wanamcheka waziwazi kwamba amegeuka shahidi wa kesi yake mwenyewe. Linamuuma, na hafichi kwamba linamuuma.

Mwalimu anatoka na kandambili zake. Mama Valvu anasimama, anajifuta mikono.

"Mwalimu, shikamoo. Hii valvu ya juu niliifunga mimi, na nilikosea. Bomba lako limepasuka kwa sababu yangu."

"Marahaba," anasema mwalimu. "Na pampu iliyokufa mwaka juzi?"

"Huenda nayo ni mimi."

"Na mimi nikakusifia kwa kila mtu!"

Mkewe, aliye mlangoni na beseni, anamkatiza. "Baba, fundi gani umewahi kumwona anakuja kujishtaki? Mwache afanye kazi, watoto wanataka maji."

Shemeji anavuta bomba kutoka kisimani, mita ishirini na nne, jasho likimtiririka. Mama Valvu anabadilisha valvu ya chini, anakata kipande chenye ufa, anaing'oa ya juu na kuunga bomba tupu mahali pake. Anapima upepo wa tangi kwa geji ya tairi. Saa nane mchana pampu inawashwa. Inanguruma tu, basi. Wanayaacha maji yamwagike mpaka yanakuwa meupe.

Mwalimu hatabasamu. "Wakiniuliza nitasema yote mawili," anasema. "Kwamba uliharibu, na kwamba ulirudi."

"Sema, Mwalimu. Ndivyo ilivyo."

Zimebaki nyumba nane, na zote ni za mtu mmoja, tajiri anayezipangisha. Mwaka huu Mama Valvu ameshamfuata mara tatu. Tajiri anasema maji yanatoka, kelele za mabomba hazimhusu, na akimwona tena getini atamwitia polisi.

"Yeye hakai pale," anasema Mama Valvu huku akikusanya spana zake. "Wanaokunywa yale maji ni wapangaji, na kuna wawili wana watoto wachanga."

Jumamosi anakwenda tena. Valvu nane mpya za chini ameshazinunua kwa akiba yake ya miezi mitano.

"Awaite tu hao polisi," anasema. "Kuna mabomba mazito ya kuvuta, na shemeji peke yake hayawezi."