Studio waliniambia bibi yangu wa 3D hawezi kupiga magoti

Wakuu, heshima kwenu, mlioajiriwa na mnaoendelea kujitafuta.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bugene, Karagwe. Sijaongeza chumvi. Labda kidogo kwa baba mkubwa.

Natengeneza wahusika wa kidijitali, wale watu wa 3D mnaowaona kwenye katuni na magemu. Nimejifunza mtandaoni miaka mitatu. Mzee alishanipa muda: kahawa ikianza kuvunwa sijapata kazi, laptop naiweka kabatini naingia shambani jumla.

Basi studio moja ya Dar wakanipa jaribio. Tengeneza bibi wa huko kwenu, anayeweza kumsalimia mgeni.

Nikasema hii imeisha.

Wiki mbili nilihangaika na sura. Mikunjo ya macho, mvi moja moja, mpaka vinyweleo vya kidevuni. Nikatuma huku najipongeza.

Jibu likatoka kwa dada mmoja, animator wao, ndiye anayewafanya wahusika watembee: "Sura nzuri sana. Ila bibi yako hawezi kupiga magoti. Una siku tano."

Akaambatanisha na video. Wakuu, niliona aibu. Bibi anakunja goti, mguu unabonyea kama chupa ya maji iliyokanyagwa, kitenge kinapita katikati ya paja.

Na mimi ni mtu wa Karagwe! Nimekua naona wanawake wakipiga magoti kusalimia, halafu nimetengeneza bibi wa kusimama tu, wa picha ya pasipoti.

Nikamfuata mama jikoni, anamenya ndizi.

"Mama, hebu piga magoti nikurekodi."

Akaweka kisu chini. "Nikupigie magoti wewe? Mwana wange, umekuwa nani?"

Kweli kabisa, mama hampigii mwanawe magoti. Na kuigiza akakataa, anasema salamu si mchezo. "Subiri mgeni."

Siku mbili hakuja mtu. Nyumba ambayo wageni hawakauki!

Ya tatu akatokea baba mkubwa, kaka yake mzee, na bodaboda kutoka Kibingo kule Kyerwa. Mama akashuka chini, "Shikamoo, baba." Nikabonyeza kurekodi, simu ikaniambia nafasi imejaa.

Ikabidi nimweleze baba mkubwa shida yangu. Akasema, "Kama ni kazi ya mtoto, mimi nasalimiwa tu." Nikafuta picha za zamani kwenye simu, akatoka mpaka kwenye migomba akaingia upya kama mgeni, mama akamsalimia. Mara tatu, na kila mara anakohoa kiheshima zaidi.

Nikaiangalia ile video polepole. Mama anakusanya kitenge kwa mkono mmoja, mwingine anashika mlango. Linatangulia goti la kushoto, la kulia linafuata taratibu sana. Mara zote tatu.

Nikabomoa miguu yote ya bibi. Nikaongeza mistari palipo na goti ili pakunjike vizuri, kitenge nikakitenganisha na mwili, kila kipande nikakipa jina linaloeleweka ili yule dada asibahatishe. Sura sikuigusa.

Wakanichukua! Yule dada akaniandikia: "Sura nzuri zinatufikia kila siku. Sasa umetuletea mtu tunayeweza kufanya naye kazi." Mzee kafurahi, ila Jumamosi za mavuno bado ananihesabia.

Baadaye wakanitumia kipande cha bibi akisalimia. Nikamwonyesha mama. Akacheka, akaomba nirudie. Safari hii hakucheka.

"Kumbe uliliona goti langu."

Wakuu, sikuwa nimeliona. Nilinakili tu. Goti la kulia linamuuma tangu masika na amekaa kimya, mimi nipo chumba cha pili nachora vinyweleo vya kidevu. Iliniuma sana.

Jumatatu tunakwenda hospitali.

Nilichojifunza: mwajiri hanunui uzuri peke yake. Anataka mhusika ambaye mwenzako anaweza kumpokea na kumtumia bila kukupigia simu. Na huwezi kumtengeneza huyo kama watu unaoishi nao huwaangalii.

Mliomo kwenye fani hii, nyie kiliwabeba nini mpaka mkachukuliwa? Na mwenye mzazi aliyeuguza goti akapona, aniambie walianzia wapi. Hilo ndilo nitalisoma kwanza.