Blanketi la Mama Mkwe na Lebo Yake

Nichekeni tu, maana hata mimi nimeshajicheka, ila mjue kwamba ni miaka mingi sasa na bado nikipita Wingwi navuta kofia mpaka kwenye nyusi nisije nikajulikana, na yote hayo ni kwa sababu ya blanketi, tena blanketi zuri, rangi ya damu ya mzee na mistari myeusi pembeni.

Ilikuwa miaka ile ya kabla ya uhuru, siasa imewapanda watu vichwani, na wafanyabiashara wa Wete pamoja na wazee wa mashamba wakakubaliana kwamba bidhaa za makaburu wa Afrika ya Kusini haziingii tena kwetu, asinunue mtu wala asiuze mtu, na ili yasiwe maneno matupu ikaundwa kamati, kamati ikataka karani, na karani nikawa mimi (nilikuwa najua kupiga taipu, basi, sifa nyengine sikuwa nayo). Kazi yenyewe ukiisikia nyepesi: mwenye duka la jumla akitaka kupeleka malipo nje, aje kwanza kwangu na fomu, mimi nende ghalani nifungue mzigo nitazame umetengenezwa wapi, niandike "nimefungua na nimeona kwa macho yangu", nipige muhuri, ndipo naye aende benki.

Lakini wallahi sikuielewa. Fomu ilikuwa na mistari mitatu, nchi zinakokwenda fedha, bandari ulikopakiwa mzigo, na nchi ulikotengenezwa, na mzigo mmoja waweza kulipiwa London, ukapakiwa Beira, ukateremshwa Mombasa, kisha ukafika Wete na jina la mtu wa Bombay juu yake, sasa huo ni mzigo wa wapi? Nikamuuliza mwenyekiti wa kamati, akanambia, "Tumia akili yako." Na hapo ndipo palipoharibika, maana niliitumia.

Sasa ngojeni niwaambie kilichokuwa rohoni mwangu wakati ule. Nilikuwa nimemposa Zuwena, binti wa Mzee Khatib wa Wingwi, na nimekubaliwa, na nilikuwa nampenda kupita kiasi. Huyu Mzee Khatib naye ni mjumbe wa kamati yetu, tena ndiye mkali kuliko wote. Alikuwa mtu wa mkate na jamu kila asubuhi, na siku alipoambiwa jamu ile inatoka kwa makaburu aliumwaga mkebe mzima shimoni, na tangu hapo akawa anakula mkate mkavu kwa hasira.

Basi kumi la mwisho la Ramadhani akanijia Bwana Saleh, mwenye ghala la nguo pale Wete, ana marobota ya mablanketi anataka kuyalipia. Nikamfuata ghalani. Joto, swaumu imenikaba koo, na marobota yamefungwa kwa vyuma, kuyafungua kunataka nyundo na patasi na mtu aliyekula daku la maana (mimi nilipitiwa na usingizi siku ile, sikula kitu).

"Bwana Saleh, mzigo huu watoka wapi?"

"Yakhe, mie nalipa London. Huko kwengine sijui, mie si baharia."

Nikaona jawabu hilo limenifaa. Mstari wa kwanza nikaandika London, wa pili London, wa tatu nikasita kidogo, nikaona kuuacha wazi si adabu, nikaandika London. Chini nikaandika kwamba nimefungua na nimeona kwa macho yangu, muhuri ukalia, nikarudi nyumbani kulala.

Ramadhani ikesha, mwezi wa Mfungo Mosi ukaingia, ikawa zamu ya kupeleka sanduku kwa bi harusi. Nikanunua kanga, marashi, viatu, sabuni, na kwa Bwana Saleh huyo huyo nikachukua lile blanketi nimtunze Bi Time, mama mkwe wangu, kwa baridi ya masika. Shangazi yangu Mwanaisha alipokuwa akipanga sanduku akashika mkasi.

"Hichi kijikaratasi chakwaruza. N'kikate?"

"Usikate, shangazi!" nikamrukia. "Watasema la kuukuu!"

Nanyi mnatujua, kwetu kitu kipya ni kile chenye lebo yake, mpaka leo wako watu wanavaa miwani na karatasi bado iko kiooni.

Siku yenyewe mwanamume hafuatani na sanduku, hiyo ni shughuli ya wanawake, lakini mimi kwa kutaka kusikia sifa zangu nikajipenyeza, nikakaa barazani na Mzee Khatib na wazee wenzake. Ndani wanatoa kitu kimoja kimoja na kukitangaza. "Kanga doti sita!" Vigelegele. "Marashi ya waridi!" Vigelegele. Nami najitia kutazama kuku huku masikio yako ndani. "Blanketi la mama, jipya, na lebo yake!" Vigelegele vikapaa, kisha mmoja akasema, "Mpeni Mwalimu Salma asome twende tukanunue na sie," na Salma, binamu yake Zuwena aliyekuwa akisomesha wasichana, Mungu amsamehe, akasoma.

Vigelegele vikakatika. Bi Time akatoka mlangoni amelishika blanketi kwa ncha za vidole.

"Baba Zuwena, hebu tazama. Salma asema hili la makaburu."

Mzee Khatib akaligeuza, akanigeukia mimi, wala hakupaza sauti. "Khamis, mwanangu. Kazi hii si yako weye?"

Ningesema hapo hapo kwamba nimekosa, yangekwisha. Lakini barazani wazee wanane wananitazama, na nyuma ya mlango najua yupo Zuwena anasikiliza, basi ulimi ukanitangulia. "Haiwezekani, mzee. Hili la London. Wallahi nilifungua mwenyewe nikaona."

"Basi kesho twende wote tukaone."

Asubuhi tukapanda gari ya abiria, Mzee Khatib na blanketi kwapani, wazee nyuma yake, na tulipoteremka Wete kila aliyetuona akauliza kuna nini, akaambiwa, akafuata, hata tulipofika kwa Bwana Saleh ulikuwa umati kama wa sikukuu. Robota moja tu ndilo lililouzwa. Mengine yote yalikuwa na vyuma vyake vile vile, na lilipogeuzwa la kwanza, upande uliotazama ukuta, jina la nchi ya makaburu limepigwa chapa kwa herufi nene. Mwenyekiti wa kamati, naye kaja na umati, akaitoa fomu yangu akaisoma kwa sauti. London, London, London. Nimefungua na nimeona kwa macho yangu.

"Ulifungua vipi, na vyuma hivi havikukatwa?" Mzee Khatib akauliza. "Sema, Khamis. Ulijua ukatuficha, ama hukutazama ukatudanganya?"

Nikasimama pale sijui lipi lenye nafuu. "Sikutazama, mzee. Nilikuwa na swaumu."

"Sote tulikuwa na swaumu!" akajibu mtu, na ghala zima likaangua kicheko.

Fedha zilikwisha kwenda kwa muhuri wangu, ukarani nikavuliwa pale pale, lakini mabega ya Mzee Khatib nayo nikayaona yanatikisika, naye akicheka. "Mvivu huyu," akasema. "Uvivu una dawa. Nitamtia shambani apande muhogo mpaka akome." Nikashusha pumzi. Nilirudi nyumbani sina kazi, lakini bado nina mchumba.

Siku ya tatu sanduku likarudi. Shangazi Mwanaisha alilifuata nyuma, macho mekundu.

"Baba mtu keshapoa," akanambia. "Zuwena mwenyewe ndiye kakataa. Kasema, mwambie Khamis sina ugomvi na blanketi, lakini kaapa mbele ya baba kwamba kaona, na hakuona. Siku n'kimuuliza jambo la nyumba yangu, n'tajuaje?"

Nililia, sioni haya kuwaambia, tena nililia kwa sababu nililitafuta jawabu la kumpelekea nikalikosa. Aliolewa Kiuyu kabla ya mwaka kwisha. Na mimi tangu siku hiyo nimekula yamini sisemi nimeona nisichokiona, hata mke wangu akiniuliza kama nimefunga mlango wa uani, nami nina hakika nimeufunga, huinuka kwanza nikaushike kwa mkono, ndipo nikamjibu.