Neema Isiyosemwa Kaburini

Kila Jumapili mjini Gitega, mhubiri akishafunga Biblia yake, Mzee Egidius huokota fimbo na kutoka nje. Hutoka kwa haraka ya aibu, kama mtu aliyebanwa na haja, na akina mama wa benchi la nyuma wameshamzoea. Humpisha miguu bila hata kugeuza shingo. Akifika nje husimama kando ya mlango akimsubiri binti yake Vumilia. Ndani, watu wote husimama na kusema Neema.

Neema yenyewe kila Mkristo aliyesali kwa Kiswahili anaijua. Ibada ikiisha, kikao kikiisha, hata chai ya wageni ikiisha, watu hugeukiana na kutakiana neema ya Bwana Yesu, upendo wa Mungu na ushirika wa Roho Mtakatifu. Mtoto huijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ajabu ni kwamba huyu anayeikimbia leo ndiye aliyekuwa mwenye Neema wa kilima kizima, yaani kijiji, kule Giteranyi, karibu na mpaka wa Tanzania.

Egidius alivushwa kutoka Burundi kwenda Tanzania, ukimbizini, akiwa mgongoni mwa mama yake, na huko alikulia, akalima, akajifunza kufyatua matofali, akamwoa Kasilda. Neema alifundishwa na mama yake, jioni, kwa mdomo, kama mtu anavyofundishwa majina ya ndugu zake. Waliporudi Burundi wakapewa shamba Giteranyi, wenyeji waliwacheka kidogo kwa Kiswahili chao kilichonyooka. "Watanzania wamekuja," walisema. Lakini kanisa la kilima lilipotaka kujengwa, matofali aliyafyatua Egidius, na tangu lilipoezekwa ikawa desturi kwamba mwisho wa ibada mtu aseme tu, "Mzee Egidius, tufunge."

Naye alifunga kwelikweli! Alikuwa na sauti nene, na aliivuta Neema polepole, kila neno akilipa nafasi yake, utadhani anapanga matofali juani. Kasilda, aliyesimama pembeni yake siku zote, alimpa mkono, akangoja mpaka Amina, kisha akamnong'oneza, "Neema yako ni ndefu, Baba Vumilia. Maharagwe yanaungua." Alisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili Egidius alicheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Aliyeharibu mambo alikuwa mtoto wa nyumbani, na hilo ndilo linaloudhi. Manase hakuwa wa kumzaa, ila jirani aliyefiwa na wazazi, na ugali wa Kasilda ndio uliomkuza. Alipokuwa kijana alivuka mpaka kwenda kusikiliza mafundisho ya wahubiri fulani, akarudi kwa baiskeli, begi la vitabu limefungwa nyuma, macho yanawaka. Alikuwa amegundua jambo, na mtu wa umri ule akigundua jambo hawezi kulala nalo peke yake.

Akaomba nafasi ya kusema kanisani, akapewa. "Utatu," alisema, "neno hilo limo wapi? Nimelitafuta kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, halimo. Tumebatizwa kwa mafundisho ya watu, si ya Maandiko."

Watu walinong'ona, kisha wakamgeukia Egidius, mzee wao. Egidius akasimama. Hakuwa msomi, alisoma kwa kufuata mstari na kidole, na hata wakati ule macho yalishaanza kumsumbua. Akataja Yordani: Mwana akiwa majini, Roho akishuka kama hua, sauti ya Baba ikitoka mbinguni.

"Wapo watatu, sawa," Manase akajibu. "Ni wapi pameandikwa kwamba hao watatu ni Mungu mmoja? Yesu mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye."

Egidius akataja yale maagizo ya mwisho ya Mathayo, ya kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Manase alikuwa amejiandaa. Mitume, alisema, walibatiza kwa jina la Yesu, na akafungua Matendo akasoma hapa na pale, haraka haraka, kurasa zikipeperuka.

"Mimi nasali hivi," Egidius akasema mwishoni, kijasho kikimtoka. "Namwita Baba, kwa jina la Mwana, na Roho ananisaidia. Sijawahi kukaa nikawahesabu."

"Nionyeshe mstari, mzee. Mmoja tu unaowataja wote watatu unavyowasema wewe, katika sala. Mmoja."

Egidius akafungua Biblia. Akapekua. Kidole chake kilipita juu ya herufi asizoziona vizuri, na huko nyuma vijana wawili watatu wakaangua kicheko. Akafunga kitabu. Manase, bila ubaya, kwa ule ukarimu wa mshindi, akasema neno lililobaki kilimani kuliko mahubiri yote: "Kisichoandikwa tusikiseme mbele za Mungu."

Siku ile watu walitawanyika wakibishana. Neema haikusemwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba haikusemwa.

Kanisa halikuvunjika. Baada ya msimu mmoja ubishi ulipoa, wengi wakarudi kwenye mambo yao, na Manase mwenyewe akatulia, akawa mwalimu mzuri tu. Aliyevunjika ni Egidius. Walipomwita kufunga ibada, alitikisa kichwa. Neema alifundishwa na mama yake, na mama yake hakuwa Maandiko. Akaogopa kwamba maisha yake yote amekuwa akimwambia Mungu maneno ya kujitungia.

Kasilda alimbembeleza. "Basi nisemee hapa nyumbani. Mimi na wewe tu, nani atasikia?"

"Nionyeshe kwanza imeandikwa wapi," Egidius akamjibu.

Alimwambia hivyo mwanamke asiyejua kusoma. Alilichukua jiwe lililompiga yeye akamrushia mkewe, na Kasilda akaenda kuchochea moto. Egidius anaikumbuka sauti ya vijiti vile vikivunjwa. Angeweza kumfuata jikoni siku ile, na hakumfuata.

Miaka ikapita hivyo, nyumba ikiwa na amani yote isipokuwa hiyo. Kisha Kasilda akaugua tumbo, akalazwa hospitali ya Muyinga mjini. Siku moja, bakuli la uji likipoa kando ya kitanda, akamshika mumewe mkono. "Siku yangu ikifika, usiwaachie wengine wafunge. Funga wewe, kama zamani."

"Utapona," Egidius akasema. Si jibu hilo, na wote wawili walijua.

Walimzika Giteranyi, juu ya shamba, panapoonekana vilima vya Tanzania. Nyimbo ziliimbwa, udongo ukarudishwa, kisha kiongozi akageuka kwa heshima: "Mzee wetu, tufungie." Watu wote wakainamisha vichwa. Egidius akafungua mdomo, akaliona lile kanisa, kidole chake juu ya kurasa, akaogopa kumsindikiza mkewe kwa maneno yasiyoandikwa. Akatikisa kichwa. Manase alisimama ng'ambo ya kaburi, jembe mkononi, akitazama chini. Hakuna aliyethubutu kusema badala ya mume. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka sokoni mvua ikitishia.

Baada ya hapo Vumilia alimchukua baba yake Gitega, anakofundisha shule ya msingi. Macho ya mzee yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli. Mchana hukaa kwenye kibanda cha Mahmudu, fundi baiskeli wa jirani, Mwislamu mwenye mdomo usio na breki kuliko baiskeli anazoletewa. Ni huyo Mahmudu aliyemchokonoa siku moja mpaka akasimulia yote.

Mahmudu akaacha spoki aliyokuwa akiinyoosha. "We mzee, mi iko Mwislamu. Huo utatu wako siukubali hata kidogo, Mungu ni moja, basi. Lakini bibi yangu, mama ya watoto wangu, akikufa leo, mi nitamuombea hata mukinifunga mudomo na kamba. We ulimuzika namna gani ile? Kimya kabisa?"

Mahmudu akaona machozi, akashika mkono wa mzee kwa vidole vyenye grisi. "Pardon, muzee. Pardon. Mi nasemaka tu."

Lakini neno lilishaingia. Mtu asiyekubali hata nusu ya imani yake alikuwa amemwonea huruma Kasilda kuliko yeye mumewe.

Jioni zile Vumilia alikuwa na desturi ya kumsomea baba yake Biblia, sura baada ya sura, akisahihisha madaftari ya wanafunzi katikati. Walikuwa kwenye nyaraka za Paulo. Mzee alikuwa anasinzia, Vumilia anamalizia Wakorintho wa pili, ile sehemu ya mwisho ya salamu ambayo wahubiri huipita mbio. Ghafla Egidius akainua kichwa.

"Rudia hapo."

Vumilia akarudia. Neema ya Bwana Yesu Kristo, pendo la Mungu, ushirika wa Roho Mtakatifu.

"Umeongeza mwenyewe?"

"Niongeze kwa nini, baba? Ndiyo Neema hiyo. Imeandikwa hapa, mstari wa mwisho."

Egidius akanyoosha mkono, akaomba kidole chake kiwekwe juu yake. Vumilia akakiweka. Mzee alikaa hivyo, kidole kwenye karatasi asiyoiona. Ulikuwa mstari ule ule alioombwa kanisani, unaowataja watatu, katika sala, kama anavyosali yeye. Alikuwa ameubeba mdomoni tangu utotoni na hakujua kwamba ni mstari. Vumilia alidhani baba atafurahi. Mzee akakifunga kitabu.

"Nipigie Manase," akasema.

Manase alipokea simu kwa furaha, maana hawakuwa wamezungumza tangu mazishi. Egidius hakumsalimu. "Wakorintho wa pili. Mwisho kabisa."

Upande wa pili ukawa kimya, kimya kirefu cha mtu asiyehitaji kufungua kitabu.

"Unaujua," Egidius akasema.

"Naujua, baba."

"Tangu lini?"

"Zamani. Nilikuwa naandaa somo, nikaukuta. Nikasema nitakuja kukwambia. Kisha nikaona haya, nikasema wiki ijayo."

"Siku ya kumzika Mama Vumilia ulikuwa unaujua?"

Manase akalia. Alijaribu kusema kitu, kwamba mstari ule hausemi watatu ni mmoja, unawataja pamoja tu, kwamba swali lenyewe bado linamsumbua, na Egidius akamkatiza.

"Mimi sikuwahi kudai zaidi ya hapo! Sikuwahi! Nilitaka kumwombea mke wangu." Kisha akampa Vumilia simu, maana hakujua pa kubonyeza ili kuikata.

Alimchukia Manase, na mimi simlaumu. Alimchukia kwa wiki kadhaa, kwa bidii, hata chakula kikamkataa. Lakini kila alipomfikisha Manase mbele ya hukumu, alimkuta Kasilda jikoni akivunja vijiti, na pale Manase hakuwepo. Pale alikuwepo yeye peke yake. Mwishoni akamwambia Vumilia amwombe ruhusa mkuu wake wa shule, waende nyumbani.

Walipanda basi mpaka Muyinga, kisha pikipiki mbili mpaka Giteranyi. Manase alikuwa akiwangoja njiani, mvi zimeanza kumwingia, akapiga magoti kwenye vumbi. Egidius hakumwambia nimekusamehe. Alimwambia, "Nishike mkono, njia siioni," wakapanda shambani hivyo.

Kaburi lilikuwa safi. Mtu alikuwa akilipalilia miaka yote hiyo, na haikuhitaji kuuliza nani. Egidius akavua kofia, akageukia mahali alipodhani ndipo kichwa kilipolala.

"Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo," akaanza. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. "Na upendo wa Mungu..."

Akakwama. Maneno aliyoyajua kabla ya kujua jina la baba yake yalikataa kuja. Akarudia, "Na upendo wa Mungu," akakwama pale pale.

"Na ushirika wa Roho Mtakatifu," Manase akasema taratibu.

"Ukae nasi," Egidius akamalizia. "Sasa, na hata milele."

"Amina," wakasema wote.

Egidius akabaki amesimama, mkono wa kulia umenyooka kidogo pembeni, akingoja. Alingoja kama mtu anayedhani bado kuna maneno yamebaki. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, baba. Imekwisha."

"Mama yako," akasema, "alikuwa akisema ni ndefu."