Mahindi Yaliyosafiri Bila Chokaa

Kwa miaka kumi na miwili Cibalonza hakutia mdomoni chakula kilichopikwa na wifi yake, Nabintu. Kila alipotoka Buffalo kumtembelea kaka yake Bagula huko Columbus, ughaibuni walikohamia, alikuja na mkate wake ndani ya mfuko, na soda alikunywa ile tu aliyoifungua kwa mkono wake. Hakuwa mkorofi. Alisalimia, aliuliza habari za Ezéchias, kifungua mimba wa Nabintu, na wadogo zake, alisali mezani pamoja na wenzake, kisha akatoa mkate wake. Nabintu naye kila mara alichota kijiko cha kwanza na kuonja mbele ya mgeni, kama wafanyavyo kwao Kivu wapishi wanaotiliwa shaka, na kila mara alionja bure.

Wakongomani waliokuwa wakialikwa pale hawakuhitaji kuelezwa. Cibalonza aliamini kwamba Nabintu ndiye aliyemuua mama yao kwa sumu.

Hayo yalitokea kambini, mwaka 2003, walipokuwa wamekimbia vita na kuvuka mpaka. Mgao ulikuwa unga wa mahindi kwa wingi na maharagwe ya kuhesabu. Nabintu, kwa kuwa ndiye mkaza mwana, ndiye aliyepika. Baada ya miezi kadhaa mama mkwe alianza kubabuka shingoni, ngozi ikawa nyeusi mviringo mzima kama amevaa mkufu. Mikono ikachubuka. Tumbo likawa la kuharisha, halafu akili zikaanza kuhama, akamwita Bagula kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kabla ya mvua kuanza wakamzika. Msibani watu walinong'ona neno moja, karuho, sumu ambayo kwao inasemwa humla mtu polepole, na wote wakageuka kumtazama aliyekuwa akishika mwiko.

Bagula hakumwacha mkewe, ila hakumtetea pia. Ni mwanamume ambaye maneno yakiwa mazito hukumbuka ghafla kwamba gari linataka kuangaliwa, na kambini, ambako hakukuwa na gari, alikwenda kuchanja kuni.

Mwaka 2015 Nabintu alikuwa akikaa Whitehall, pembeni mwa Columbus, katika nyumba za kupanga, na kazi yake ilikuwa kuosha mahindi katika kiwanda cha tortilla, chapati za mahindi za Wameksiko. Mahindi yalichemshwa kwa chokaa, yakalala ndani ya maji yale, na asubuhi yakaoshwa mpaka maganda yatoke. Siku ya kwanza alipoona chokaa ikimwagwa juu ya chakula alirudi nyuma hatua mbili. Chokaa aliyoijua yeye ilikuwa ya kupaka kuta na kumwaga chooni.

"Hii bantu banakula?" alimwuliza Nyaboke, msichana wa Kenya aliyesomea mambo ya vyakula na aliyekuwa akipima ubora pale kiwandani.

"Wanakula, mama. Hii ni ya kupikia. Muulize Tomasa, yeye ndiye professor."

Tomasa alikuwa Mmaya kutoka milima ya Guatemala, mama wa miaka sitini, mwenye Kiingereza cha kazini na mikono iliyokwisha kuzoea maji ya moto. Wakati wa mapumziko alieleza, na pale Kiingereza kilipomwishia Nyaboke alijazia. Bibi zake walipika mahindi hivyo tangu enzi ambazo hakuna anayezijua mwanzo wake, na wazee wao walifundisha kwamba watu wenyewe waliumbwa kwa mahindi. Asiye na chokaa alitumia majivu ya kuni.

Wahispania walipofika huko, miaka mia tano iliyopita, walikuta miji ya mawe, watu wanaohesabu mienendo ya nyota, na vitabu vya magome ya miti, na vile vitabu wakavichoma. Walikuja na ndui. Wakachukua dhahabu, wakachukua mashamba, wakachukua na watu wa kuyalima. Mbegu za mahindi zikapakiwa melini, zikafika Ulaya, zikafika Afrika, mpaka leo Mshi wa Walungu, mkulima wa huko kwao Kivu, ataapa mbele ya padri kwamba mahindi aliachiwa na babu zake. Chokaa haikupakiwa. Mabwana wale waliuliza dhahabu iko wapi, hawakuona sababu ya kumwuliza mwanamke jikoni kwa nini anatia unga mweupe chunguni. Maskini wa Ulaya wenyewe waliposhindia ugali wa mahindi wakaugua vizazi kwa vizazi, na madaktari wao wakakisia hili na lile.

"Wakaugua nini?" Nabintu aliuliza.

"Ni vitamini," alisema Nyaboke. "Iko ndani ya mahindi, lakini imefungwa. Chokaa ndiyo inaifungua. Ukikula ugali pekee yake, bila nyama, bila beans, ngozi inaharibika, mtu anahara, halafu akili inapotea." Akatafuta picha kwenye simu akamwonyesha.

Ilikuwa shingo ya mama mkwe. Nabintu aliishika simu ile mpaka mwenyewe akaiomba. Alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi, kisha hasira ikampanda, kwani majivu aliyamwaga nje ya kibanda kila asubuhi, ndoo nzima, hatua tatu tu kutoka pale mgonjwa alipolala.

Lakini mbona aliugua yeye peke yake? Hilo Nabintu hakuhitaji kuulizia. Kambini alikuwa amemwona mama mkwe, jioni baada ya jioni, akitoka na kikopo chini ya kitenge kwenda kibanda cha pili, kwa binti yake Cibalonza aliyekuwa na mimba. Ndani ya kikopo mlikuwa na fungu lake la maharagwe. Mkaza mwana hana ruhusa ya kusema juu ya mambo kama hayo, akanyamaza. Sasa aliyekula maharagwe yale ndiye aliyemwita mchawi wa sumu.

Mwezi wa tano walialikwa Buffalo. Chimène, mtoto wa mimba ile, alikuwa anapata kipaimara. Nabintu alipika sufuria ya mahindi ya chokaa na maharagwe, akaifunga kwa taulo, akaipakata njia nzima. Kwa saa tano, Bagula akisifia barabara, yeye alikuwa akipanga sentensi moja: mama yako alikufa ili weye ukule. Ilikuwa ya kweli, na ilimkaa vizuri mdomoni.

Baada ya misa, katika nyumba ya mbao ya Cibalonza kule West Side, wageni wakiwa sebuleni, aliiweka sufuria juu ya meza ya jikoni na kumweleza wifi yake habari za chokaa, za Tomasa, za meli. Cibalonza alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono.

"Bon," alisema. "Lakini sisi bote tulikulaka unga moja, Mama Ezéchias. Juu ya nini alikufa yeye tu? Juu ya nini miye sikugonjwaka?"

Chimène aliingia na gauni lake jeupe, akauliza kwa Kiingereza kama keki imebaki. Nabintu alimtazama. Maharagwe ya mama mkwe yalikuwa yamesimama pale, yana miaka kumi na miwili, yanataka keki. Mtoto akakata kipande akaondoka nacho.

"Nilikuwa naiba," alisema Nabintu. "Mbele ya kupakua, nilikuwa nakula maharagi mu chungu. Sehemu ya mama njo yenye ilikuwa inapunguka. Sikumupa sumu. Lakini niliiba."

Cibalonza akavuta kiti akakalia, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari.

"Haukuibaka," alisema. "Alikuwa ananiletea. Mu kikopo, kila mangaribi. Alisema ameshiba." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na miye nilikuwa nakula."

Nabintu alifungua taulo, akapakua sahani moja, akachota kijiko cha kwanza kuonja, kama siku zote.

Cibalonza akamshika mkono.

"Acha kuonja," alisema, akakichukua kijiko, akala.